Nilitaja Siri ya Zuhura Ili Nifiche ya Wifi Yangu

Kosa ni langu mimi. Si la shetani, si la hasira, si la wasapu. Mdomo uliosema ni huu huu ninaolia chakula, na mkono ulioua ni huu huu ninaoandikia.

Ndiyo, nimesema ulioua. Msikimbie, nisikilizeni kwanza.

Jina langu nalificha kwa sababu nina watoto wanasoma hapa hapa Kibiti, na wao hawajamkosea mtu. Dada ninayesimulia habari zake nitamwita Zuhura, ingawa si jina lake. Jina lake la kweli nimeshalitaja vya kutosha mbele za watu. Na wengine wote humu nimewabadilisha majina.

Mimi ni muuza mchele, nina duka karibu na stendi. Nilikuwa pia katibu wa umoja wetu wa kinamama wafanyabiashara. Tupo wa mchele, wa mikeka, wa dagaa, na wa kaa kutoka kule delta. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu, mtu wa Iringa aliyeletwa kufundisha huku akiwa msichana, akazeekea huku. Sote tunamwita Mwalimu.

Tukaamua kufanya kongamano. Jamani, tulilisubiri lile kongamano kama harusi! Wanunuzi watoke Dar es Salaam, waje ukumbini, kila mwanamke aonyeshe bidhaa yake na apate mteja wa kudumu. Kila mshiriki alipe kiingilio, maana ukumbi na chakula si vya bure.

Lakini mafuriko yalikuwa yamezoa mpunga wa watu. Wengine walikuwa hawana kitu, kabisa. Tukakubaliana wachache waingie bure. Mwenye shida aje aseme kwa siri, apewe beji ileile kama ya wenzake, asijulikane na mtu.

Mwalimu alitoa wazo lake kwenye kikao. Alisema, "Wasikilizaji wawe wawili, asiwe mmoja. Na mwisho tuwatangazie wanachama wameingia bure wangapi, kwa vigezo gani, na nani walioamua. Majina na shida zao zibaki kwetu. Hapo hatanung'unika mtu na hataaibika mtu."

Nikamkatalia. "Mwalimu, siri ya wawili si siri. Niachieni mimi. Mimi ni kaburi."

Kaburi! Astaghfirullah! Ulimi wangu huu!

Ukweli ni kwamba nilipenda kile cheo. Nilipenda mtu aje dukani kwangu ameinamisha kichwa, aniombe, mimi nimwambie, "Usijali, nitalishughulikia." Nilijiona mkubwa.

Zuhura alikuja mchana mmoja, mtandio kaushusha mpaka machoni. Nilimjua kwa biashara yake. Alikuwa ananunua kaa kwa wachokoaji wanaowatoa mashimoni kule mikokoni, anawafuga kwenye vizimba mpaka wanenepe, kisha anawauza wakiwa hai. Kwa kunenepesha kaa hakuna mwanamke wa delta aliyemfikia.

"Dada, nifungie mlango kidogo," alisema.

Nikarudisha mlango. Akaufunua ule mtandio. Wallahi nilirudi nyuma. Shavu lote la kushoto lilikuwa limebabuka, ngozi mpya imeota nyekundu, inang'aa. Meno ya mbele hana.

"Maji ya ugali," akasema. "Yalikuwa yanachemka. Meno aliyatoa kwa kafi la mtumbwi."

Mumewe nitamwita Shomari. Alikuwa na wivu wa kichaa. Zuhura alipoanza kupata wateja wa kaa, Shomari akawa anamwambia wateja hao ni mabwana zake. Siku ya mwisho alivunja vizimba vyote kwa shoka, kaa wakarudi matopeni, kisha akamgeukia yeye. Zuhura alikimbia kutoka Mohoro na mtoto mchanga mgongoni na nguo aliyovaa. Wawili wakubwa walibaki kwa bibi yao, mama wa Shomari.

"Uko wapi sasa?" nikamuuliza.

"Umwe, kwa shangazi yangu. Mwenyewe mume anajua niko Dar. Watu wote wanajua niko Dar. Kaapa akinipata ananikata, dada, na huyu mtu nikimjua mimi hasemi uongo."

"Na polisi?"

"Nilikwenda. Wakamweka ndani, ndugu zake wakaja kumtoa, tukaambiwa tukayamalize nyumbani. Ndiyo yakaniishia hivi." Akagusa shavu lake.

Alikuwa hana hela ya kiingilio. Alichokuwa anakitaka ni mnunuzi mmoja tu wa kaa, ili ahamie mbali kabisa, Kilwa au popote, aanze upya na awachukue wanawe. Akaniangalia.

"Haya niliyokwambia, utamwambia nani?"

"Mimi na Mungu," nikamjibu.

Akanishika mikono miwili akaibusu. Viganja vyake vilikuwa na makovu madogo madogo ya kubanwa na kaa. Nikampa beji yake.

Wengine pia walikuja. Mmoja alikuwa mama lishe wa Dimani, anameza zile dawa za kila siku, na hakuna aliyejua ila daktari wake na mimi. Naye nikamwambia mimi na Mungu.

Sasa ndipo nilipoharibu.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, anauza vitenge. Ana duka, ana nyumba ya bati la rangi, hana dhiki yoyote. Akaja akasema, "Wifi, wewe ndiye katibu, halafu mimi nilipe kama watu baki?"

Nilijua si haki, nawaambieni kweli. Lakini nikaona aibu kumkatalia, na moyoni nikafurahi kwamba ninaweza. Nikampa beji ya bure. Na yeye kwa domo lake, akatoka pale akajigamba saluni.

Haikupita muda, fununu zikajaa mjini. Katibu anaingiza ndugu zake!

Kuna mama mmoja kwenye umoja wetu, nitamwita Mama Rehema. Muuza mchele mwenzangu, mwanamke wa miraba minne, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Sikumpenda. Wateja wangu wengi walikuwa wamehamia kwake. Akaandika kwenye grupu letu la wasapu, watu wote wanaona:

"Katibu, tunaomba uwazi. Walioingia bure ni wangapi, na kwa vigezo gani?"

Basi! Hayo tu ndiyo aliyouliza. Hakuuliza majina. Hakuuliza shida za watu. Swali lilelile ambalo Mwalimu alikuwa ameshatupa jibu lake kikaoni. Lakini mimi nilisoma pale kama mtu aliyevuliwa nguo, kwa sababu ndani yangu nilijua kuna wifi.

Mwingine akaandika, "Tumesikia wifi mtu kapewa bure, ni kweli?" Mwingine akacheka kwa vile vikatuni vya kulia machozi.

Mwalimu akanipigia. "Mwanangu, tulia. Andika idadi na vigezo tu, yaishe. Na kama kuna mtu amepita kimakosa, alipe leo, useme umekosea. Watakusamehe."

"Kwa hiyo na wewe unaniona mwizi?"

"Sijasema hivyo. Nimesema..."

Nikamkatia simu. Adhuhuri ilikuwa imetoka kuswaliwa, jua kali, duka halina mteja. Nikabonyeza pale pa kurekodi sauti, nikaanza kumwaga. Nayakumbuka maneno yangu yote. Hata nikitaka kuyasahau siwezi, nimeshayasikia kutoka kwenye simu za watu.

"Mnataka uwazi? Haya, tegeni masikio! Zuhura wa Mohoro, muuza kaa, mnamjua wote! Kapigwa na mumewe, kaunguzwa uso, kang'olewa meno, kakimbia na nguo moja, kajificha Umwe kwa shangazi yake, hana hata nauli! Huyo nimtoze kiingilio? Mama lishe wa Dimani, anaishi kwa kumeza dawa kila siku, nguvu hana! Na huyo nimtoze? Na wifi yangu mnayemsema ni mgonjwa, kansa inamla, nyinyi mnamcheka! Mwogopeni Mungu!"

Wifi yangu hana kansa. Hata mafua alikuwa hana siku ile.

Mnanielewa? Niliwatoa wenye dhiki ya kweli nikawaweka mbele kama ngao, ili mtu asimwone wifi yangu nyuma yao. Sikuwatetea. Nilijificha migongoni mwao.

Nikatuma. Na jamani, nilijisikia vizuri! Watu wakaanza kuandika, "Pole katibu", "Maskini Zuhura", "Mungu akulipe kwa moyo wako". Mama Rehema akaandika neno moja tu: "Mbona?"

Nikadhani nimemnyamazisha.

Simu ya Mwalimu ikaingia, nikaipokea kwa kiburi. Alikuwa anapiga kelele, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata kwa mtoto wa darasa la kwanza. "Futa! Futa sasa hivi! Unataka kumuua yule binti?"

Ndipo akili iliponirudi. Nikafuta. Lakini watu walikuwa wameshaisikiliza, wameshaituma kwingine. Shomari hayumo kwenye grupu letu, lakini shoga ya dada yake yumo. Kabla ya alasiri sauti yangu ilikuwa imeshafika Mohoro.

Mama lishe wa Dimani alitoka kwenye grupu kimya kimya. Siku hizi hakuna anayekula kwake. Watu wanapita mbele ya meza yake wanageuza shingo. Amekunja turubai lake.

Na Zuhura? Zuhura alikuwa na simu ya kitochi, hana wasapu. Hakusikia chochote.

Nilikuwa na namba yake. Ningeweza kumpigia, nikamwambia, "Mdogo wangu, nimekosa, hama hapo ulipo." Maneno machache tu! Nilishika simu nikaiweka. Nikaishika tena nikaiweka. Nikajiambia, Shomari hatasikia. Nikajiambia, akisikia hatakuja. Nikajiambia, labda Mwalimu atampigia. Mwalimu hakuwa na namba yake, mimi ndiye niliyekataa tusikilize wawili.

Aibu, ndugu zangu. Nilimwacha aendelee kulala pale kwa kuona aibu.

Kesho yake siku ya kongamano ikafika. Ukumbi ulipambwa, kinamama wamevaa sare za kitenge, wageni wa Dar wamekaa mbele. Zuhura akaingia na beseni la kaa hai aliowakopa kwa wachokoaji, wamefungwa kamba, wakubwa kuliko kiganja, ameazima dera zuri, mtandio kaufunga vizuri unafunika shavu. Beji kifuani.

Alikuja moja kwa moja mezani kwangu. "Dada, yule mzee wa kampuni ya kaa ameshaniomba namba! Kabla hata sijasema kitu! Mungu akupe kila unachotaka."

Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi nilifungua. Kisha mshereheshaji akaniita nikasome ratiba, nikainuka, nikaenda. Ndiyo ikawa hivyo.

Mengine niliyajua baadaye. Kwamba Shomari alikuwa ameshapita Umwe asubuhi ileile. Shangazi alikataa kusema, Shomari akamvunja mkono kwa ubapa wa panga, akaipekua nyumba nzima, akakuta mtoto amelala, hakumgusa. Kisha, kwa kuwa habari za kongamano zilikuwa zimeenea kote, akapanda bodaboda mpaka Kibiti. Dereva, nitamwita Juma, alidhani amebeba mteja wa kawaida, mwenye kiroba cha mahitaji ya nyumbani.

Mlangoni alikuwa mzee wetu wa mgambo. Shomari akamwambia kwa upole kabisa, "Shikamoo mzee. Mke wangu yuko ndani anaonyesha kaa, kasahau wengine hawa, nimemletea." Akainua kile kiroba. Mzee akampisha.

Mimi nilikuwa meza kuu, kipaza sauti mkononi. Nilimwona akiingia. Sikumjua, lakini nilimwona Zuhura alivyomwona, na hapo nikamjua. Beseni lilimponyoka. Hakupiga kelele. Alisimama tu, kama mtu aliyekuwa anamsubiri.

Panga likatoka kwenye kiroba.

Alimkata mara ya kwanza begani. Zuhura akanyanyua mkono kujikinga, pigo la pili likashuka mkononi, na vidole vikaenda. Viliruka, jamani! Vilianguka sakafuni katikati ya wale kaa! Damu ikawatapakaa wageni wa mbele. Viti vikapinduka, watu wakakanyagana mlangoni, watoto waliobebwa mgongoni wanalia, na yeye Shomari anakata tu, anasema, "Umwe, eeh? Uko Umwe? Dar ndiyo Umwe?"

Mimi nilifanya nini? Nilijitupa chini ya meza. Nikavuta kile kitambaa cha meza nikajifunika. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, ukumbi mzima ukasikia ninavyohema.

Aliyekwenda ni Mama Rehema. Yule niliyemchukia! Alinyanyua kiti cha plastiki, akamkabili mtu mwenye panga kwa kiti cha plastiki! "Niue mimi kwanza, mbwa wewe!" Panga likapasua kiti, likamchana bega mpaka mfupa ukaonekana, na yeye hakurudi nyuma. Akamsukuma kwa uzito wake wote wakaanguka pamoja juu ya lile beseni. Hapo wanaume wakapata nafasi. Mzee wa mgambo akamkanyaga mkono, panga likatoka.

Juma wa bodaboda alikuwa nje, akasikia makelele, akaingia mbio. Ndiye aliyembeba Zuhura mikononi hadi kwenye bajaji. Shati lake lote lililowa damu ya Zuhura. Kumbukeni hilo.

Shomari alivutwa nje, akafungwa kamba za turubai, akakalishwa mchangani. Umati ukajaa. Watu wa stendi, wa sokoni, wapita njia. Wengine wanataka apigwe, wengine wanasema subirini polisi. Mwalimu alikuwa amesimama mbele yake, mikono ameitandaza, anawaambia, "Amefungwa! Hawezi kitu! Muacheni sheria imchukue!"

Na watu walikuwa wanaanza kumsikiliza. Naapa walikuwa wanaanza kutulia.

Nikatoka. Shomari aliinua uso, damu inamtoka puani, akaanza kucheka.

"Mnanitafutia nini?" akasema. "Si nimeelekezwa na wenyewe? Niulizeni nani kaniambia! Katibu wenu! Sauti yake ninayo kwenye simu, mfukoni hapa, itoeni muisikie! Katibu ndiye kanipa njia!"

Wageni wa Dar walikuwa pale. Wanachama wote pale. Watu wakaanza kugeuka, wananitafuta kwa macho.

Kando ya ukumbi kulikuwa na matofali ya ujenzi. Niliokota kipande. Nikapiga kelele, "Muuaji huyu! Mnamwacha aseme nini?" Nikamrushia kutoka nyuma ya watu, likampata kichwani.

Lilitoa mlio. Sitausema ulivyokuwa.

Siwadanganyi. Sikumpiga kwa ajili ya Zuhura. Nilimpiga anyamaze.

Baada ya hapo umati haukuzuilika tena. Mawe, fimbo, mateke. Mwalimu alisukumwa akaanguka. Bajaji ilikuwa bado imekwama kwenye watu, na Zuhura, kanga imefungwa kwenye mkono usio na vidole, alikuwa anachungulia na kulia kwa sauti ya kukauka, "Msimuue! Msimuue, jamani, baba wa wanangu!" Hakuna aliyemsikia. Mimi nilimsikia.

Polisi walipofika alikuwa ameshakata roho. Mawe yalikuwa mengi. Ila la kwanza lilikuwa langu.

Kila mtu alikimbia. Juma, ambaye alikuwa amerudi kuichukua pikipiki yake, ndiye waliyemkuta amesimama karibu na maiti, shati lote damu. Na ndiye aliyemleta marehemu mjini. Wakamchukua yeye. Ana mke na mtoto. Mpaka naandika hapa yuko mahabusu kwa kesi ya mauaji.

Nilikwenda hospitali kumwona Zuhura. Mkono wake wa kulia umebaki kidole gumba na kipande. Mwanamke aliyekuwa anafunga kamba kaa hai bila kubanwa! Alikuwa anatazama ukutani.

"Dada," akaniuliza, "nani alisema? Nilikwambia wewe peke yako."

"Sijui," nikamjibu. "Mdogo wangu, sijui."

Uongo tena! Pale kitandani!

Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelazwa Mama Rehema, bega limeshonwa. Alichukua simu yake, akaitafuta ile sauti, akaiweka simu juu ya shuka la Zuhura. Nikaisikia sauti yangu ikitoka mle. "Mnataka uwazi? Haya, tegeni masikio!"

Zuhura alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Hakunitukana. Bora angenitukana! Alisema hivi tu, taratibu, kwa lile pengo lake:

"Ungenitoza tu, dada. Ningekopa."

Nikaanguka chini pale pale kwenye sakafu ya wodi. Mama Rehema akasema, "Mimi nilikuuliza wangapi na vigezo gani. Majina nani alikuomba?"

Nikainuka, nikatoka wodini.

Mama yake Shomari amewakatalia wale watoto wawili wasimwone mama yao, anasema ndiye aliyemuua mwanawe. Umoja wetu umevunjika. Wageni wa Dar hawapokei simu. Wifi yangu alileta kiingilio chake kwa bahasha, akaiweka kaunta bila salamu, akaondoka. Kaka yangu haongei na mimi kwa ule ugonjwa niliomzulia mkewe.

Na mimi ninafungua duka, ninapima mchele, watu wananiambia, "Pole katibu, mliona mambo mazito siku ile." Wananipa pole mimi! Hawajui la tofali. Katika fujo ile hakuna aliyeweza kusema kwa hakika jiwe la kwanza limetoka mkono gani.

Nawaomba nyinyi mnaoongoza watu. Muwe ni wa kikoba, wa msikiti, wa kanisa, wa shule, wa mkutano wowote ule unaoingiza watu bure. Mtu akija na dhiki yake, ile dhiki si mali yako. Usiitoe kwa mtu hata ukitukanwa, hata ukiitwa mwizi. Wanachama wana haki ya kujua mmesamehe wangapi, kwa sababu za namna gani, na nani wameamua. Waambieni hayo, tena mapema, bila kusubiri kuulizwa, maana ukimya nao ndio unaozaa maneno. Lakini jina la mtu na kidonda chake, abaki navyo mwenyewe! Na msimwachie mtu mmoja, hata awe mzuri namna gani. Mimi nilijiona mzuri.

Na ukimpendelea ndugu yako, sema. Sema siku hiyo hiyo, ukiwa bado unaweza kucheka nalo. Ningesema, "Nimempitisha wifi, nimekosea," ningesemwa wiki moja, basi. Zuhura angekuwa na vidole vyake.

Nyinyi nanyi mnaotumiwa sauti za watu kwenye simu, mkazisambaza kwa kuwa ni tamu, jueni ile ya kwangu ilifika Mohoro kwa vidole vyenu.

Jana nilimwambia Mwalimu kila kitu, hadi lile tofali. Akaniuliza watoto watakaa na nani. Tumeshapanga. Leo asubuhi nimewapeleka shule, nimewaambia wawe wanamsikiliza Mwalimu. Mdogo ameniuliza kama nasafiri, nikamwambia ndiyo.

Nyuma ya stendi kuna mama anapika wali kila mchana, anauweka kwenye hotipoti, anaupeleka kituo cha polisi kwa mwanawe Juma. Nimemwona akipita hapa dukani kwangu sasa hivi. Amenisalimia kwa heshima zote.

Nafunga duka. Namfuata nyuma. Leo nataka arudi na mwanawe, hotipoti abaki nalo mkononi halijafunguliwa.